Tuyafahamu Maneno ya Kriketi: Asiyejua Neno Haoni Mchezo

Alfajiri ya tarehe 6 Juni, 2024, askari wa zamu ya usiku nchini Uganda walipokuwa wakisubiri kupokewa na wenzao, timu ya taifa ya kriketi ilikuwa ikimaliza mchezo wake mbali sana, katika uwanja wa Providence nchini Guyana, ambako kulikuwa bado ni usiku wa tarehe 5. Habari zilizotufikia zilikuwa fupi: Uganda imeishinda Papua New Guinea kwa wiketi 3. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali za Kombe la Dunia la ova 20.

Siku ile ile askari mmoja wa polisi tuliyemkuta langoni alitusimamisha, na wala si kwa ajili ya upekuzi. "Ndugu waandishi," alisema, "nimefurahi kwamba tumeshinda. Lakini hizo wiketi tatu ni nini? Kama ni mabao, mbona redio imesema wenzetu walipata 77 na sisi tukapata 78? Hapo si tumeshinda kwa moja?" Wenzake waliangua kicheko. Lakini kicheko kilipokwisha, hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kumjibu.

Swali lile lilikuwa la haki, na kwa heshima ya askari yule tumeona ni vema tulijibu hapa kwa ukamilifu. Watu wengi huamini kwamba kriketi ni mchezo mgumu. Sisi tunasema mchezo wenyewe si mgumu. Yaliyo magumu ni maneno yake, ambayo huuzunguka kama seng'enge na kumwacha mtazamaji nje. Anayeyajua huingia, asiyeyajua hubaki akiona watu waliovaa nguo nyeupe wakitembea huku na huku juani.

Tena wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi wana sababu ya pekee ya kuyafahamu. Katika kazi yao neno si pambo la mdomo. Neno ni amri, neno ni ishara ya siri, neno ni maelezo ya shahidi yanayoandikwa na kusomwa mahakamani. Katika kriketi pia mambo ni hivyo hivyo, na kabla hatujamaliza tutasimulia jinsi timu moja kubwa ilivyolikosa Kombe la Dunia kwa sababu wito mmoja haukumfikia mtu mmoja.

NGOME NA MAANA ZAKE TATU

Tuanze katikati ya uwanja. Hapo pana ukanda wa ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, wenye urefu wa mita 20.12. Katika kila mwisho wa ukanda huo husimikwa vijiti vitatu vyenye kimo cha sentimita 71.1, na juu yake hulazwa vipande viwili vidogo vya mti. Vijiti hivyo na vipande vyake, vikiwa pamoja, huitwa wiketi. Hii ndiyo ngome. Mpigaji husimama mbele yake akiwa na gongo mkononi ili ailinde; naye mrushaji hutoka upande wa pili na kuupeleka mpira ili aibomoe.

Hapo zamani vijiti vilikuwa viwili tu. Mwaka 1775 mrushaji wa Kiingereza aliyeitwa Lumpy Stevens alimshinda mpigaji John Small mara tatu, lakini kila mara mpira ulipenya katikati ya vijiti viwili bila kuangusha chochote. Baada ya tukio hilo kijiti cha tatu kiliongezwa. Mlinzi anayeona adui amepita katika pengo lile lile mara tatu hana budi kuliziba.

Hiyo ni maana ya kwanza ya wiketi. Maana ya pili ndiyo iliyomtatiza askari wetu. Mpigaji anapotolewa, husemwa kwamba wiketi imeanguka, hata kama vijiti vimesimama wima. Timu ina wachezaji 11, lakini wiketi zake ni 10 tu. Sababu ni kwamba wapigaji huwa uwanjani wawili wawili, kila mmoja katika mwisho wake wa ukanda. Wa kumi akishatolewa, yule anayebaki hana mwenzi, na zamu ya timu yake ya kupiga imekwisha. Maana ya tatu ni ule ukanda wenyewe. Mzee wa kriketi akisema kwamba wiketi ya leo ni nzito, anazungumza juu ya ardhi na unyevu wake, wala hasemi habari za vijiti.

Kuhusu mrushaji, tunaliazima neno hilo kwa kukosa lililo bora. Kwa kweli yeye haruhusiwi kuurusha mpira kama mtu atupaye jiwe, yaani kwa kuukunja mkono na kuukunjua kiwiko wakati wa kuuachia. Huuzungusha mkono juu ya bega ukiwa umenyooka. Akivunja sharti hilo, au akivuka mstari wake kwa mguu, mwamuzi hutangaza kwamba mpira huo si halali, na timu inayopiga huongezewa pointi.

Neno mpigaji, kwa upande wake, linatufaa sana. Mwezi Septemba 2021 klabu ya MCC ya London, iliyoanzishwa mwaka 1787 na ambayo ndiyo mtunza sheria za mchezo huu, ilibadili neno la Kiingereza lililomtaja mpigaji kuwa mwanamume, ikaweka neno linalowafaa wanaume na wanawake pia. Kiswahili hakikuwa na haja ya marekebisho hayo, kwani kwetu mpigaji ni mpigaji.

MKIMBIO, OVA NA MEIDEN

Pointi za kriketi huitwa mikimbio, kwa kuwa hupatikana kwa kukimbia. Mpigaji akishaupiga mpira, yeye na mwenzake hubadilishana nafasi mbio, na kila wanapofika salama pande zote mbili huhesabiwa mkimbio mmoja. Ukingo wa uwanja huitwa mpaka. Mpira ukivuka mpaka baada ya kugusa ardhi, ni mikimbio minne bila haja ya kukimbia. Ukivuka mpaka angani, ni mikimbio sita.

Kila mrushaji hupewa mipira sita halali, kisha mwenzake huanza kutoka mwisho wa pili wa ukanda. Fungu hilo la mipira sita ndilo linaloitwa ova. Katika kriketi fupi kila timu hupewa ova 20, na mrushaji mmoja haruhusiwi kupita ova 4. Iko pia kriketi ya ova 50, na iko ile ndefu ya mataifa, ambayo huchezwa hata siku tano.

Ova ikipita bila mrushaji kutoa mkimbio hata mmoja, huitwa meiden, neno la Kiingereza lenye maana ya mwanamwali. Mrushaji huionea fahari kama vile mlinzi aonavyo fahari usiku uliopita bila mtu kuvuka seng'enge.

Wakazi wa Afrika Mashariki walilijua neno hilo kwa uchungu. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza lililofanyika Uingereza, ilikuwapo timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Miongoni mwao alikuwamo John Nagenda wa Uganda. Tarehe 11 Juni timu hiyo ilikutana na India katika uwanja wa Headingley. Mrushaji wa India, Bishan Bedi, alirusha ova 12, na 8 kati ya hizo zilikuwa meiden. Katika mipira 72 alitoa mikimbio 6 tu. Wachezaji wetu walilinda ngome yao kwa ushupavu, lakini kulinda bila kusonga mbele hakuleti ushindi, na India ilishinda bila kupoteza wiketi hata moja.

Kwa hiyo msomaji atafahamu furaha yetu ya mwaka 2024 kule Guyana. Frank Nsubuga wa Uganda, mwenye umri wa miaka 43, alirusha ova zake 4 zote dhidi ya Papua New Guinea. Mbili kati ya hizo zilikuwa meiden. Alitoa mikimbio 4 na kuangusha wiketi 2.

BATA, GUGLI NA KOFIA

Mpigaji akitolewa kabla ya kupata mkimbio hata mmoja, husemwa kwamba amepata bata. Bata mwenyewe hayumo uwanjani. Waingereza wa zamani waliitazama sifuri iliyoandikwa katika daftari ya hesabu, wakaona inafanana na yai la bata. Siku zilivyopita, yai likasahauliwa na bata akabaki.

Bata huyo hachagui cheo. Tarehe 14 Agosti, 1948, Don Bradman wa Australia, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji mkuu kuliko wote waliopata kutokea, aliingia katika uwanja wa The Oval mjini London kucheza mchezo wake wa mwisho wa kimataifa. Alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wa maisha yake yote ubaki 100. Watazamaji walimshangilia, wachezaji wa Uingereza walimvulia kofia. Mpira wa pili aliourushiwa na Eric Hollies uliangusha ngome yake. Bradman alipata bata, na wastani wake ukabaki 99.94 hata leo.

Mpira uliomtoa ulikuwa ule uitwao gugli. Wako warushaji ambao hawategemei mbio bali mzunguko: huuzungusha mpira kwa vidole na kiganja ili ukigusa ardhi ugeuke upande mmoja. Gugli ni hila juu ya hila hiyo. Mkono huonekana kana kwamba mpira utageukia kushoto, lakini ukigusa ardhi hugeukia kulia. Mwingereza Bernard Bosanquet ndiye aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Askari yeyote aliyefundishwa habari za kumhadaa adui ataifahamu gugli bila maelezo zaidi: mwonyeshe mlango mmoja, ingia kwa mwingine.

Neno hatriki nalo wapenzi wa kandanda hulitaja mchezaji anapofunga mabao matatu. Wachache wanajua kwamba lilizaliwa katika kriketi. Mwaka 1858, katika mji wa Sheffield, mrushaji H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Watazamaji walichanga fedha, wakamnunulia kofia. Tangu hapo tendo hilo hutajwa kwa jina la kofia, hata pale ambapo hakuna anayepewa kofia.

RAMANI YA UWANJA

Majina ya mahali wanaposimama wadakaji, yaani wale wanaoukimbilia na kuuzuia mpira, humtisha mgeni kuliko yote. Lakini mtu aliyezoea kusoma ramani ataona kwamba ni suala la upande na umbali tu.

Kwanza uwanja hugawanywa mara mbili. Upande anaoelekea mpigaji anaposimama tayari huitwa ofu. Ule ulio nyuma ya miguu yake huitwa legi. Halafu umbali. Neno fupi humaanisha karibu na mpigaji; refu humaanisha kule mpakani. Na lipo neno sili, yaani mjinga, kwa yule anayesimama karibu mno, hatua chache tu kutoka gongoni, ambako mtu mwenye akili zake timamu asingependa kusimama. Mpira wa kriketi ni mgumu, una uzito wa karibu gramu 160, na haumwonei huruma mtu.

Ukishayajua hayo, mengine ni rahisi. Wale wa slipi hupanga mstari kando ya mlinda wiketi, wakingoja mpira uliogusa ukingo wa gongo. Wa pointi husimama sawia na mpigaji upande wa ofu. Wa midi-ofu husimama mbele upande huo huo, karibu na njia ya mrushaji. Tunaomba msomaji amkumbuke huyu wa midi-ofu, kwani tutakutana naye tena.

MLINZI WA USIKU

Kati ya maneno yote ya kriketi, moja limetugusa zaidi kwa ajili ya wasomaji wetu. Katika ile michezo ya siku tano, hutokea kwamba wiketi imeanguka jioni, zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya mchezo kusimamishwa. Jua linakuchwa, mpigaji anayeingia hajazoea mwanga, na warushaji wana hamu. Nahodha hapendi kumhatarisha mpigaji wake bora katika dakika hizo. Basi humtuma mtu wa cheo cha chini, mara nyingi mrushaji asiyetazamiwa kupiga vizuri, akasimame pale mpaka mchezo usimamishwe. Mtu huyo huitwa mlinzi wa usiku. Hatumwi atafute sifa, ametumwa asitoke.

Mwezi Aprili 2006, mjini Chittagong, Australia ilimtuma Jason Gillespie kuwa mlinzi wa usiku dhidi ya Bangladesh. Gillespie alikuwa mrushaji, na hapakuwa na aliyetazamia mengi kwa gongo lake. Alilinda jioni ile, akalinda kesho yake, akaendelea kulinda. Siku aliyotimiza miaka 31, tarehe 19 Aprili, alifikisha mikimbio 201, wala hakutolewa. Nahodha wake ndiye aliyeikatisha zamu. Huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho wa aina hiyo kwa taifa lake. Wengi waliotumwa lindo la usiku hawakupewa hata kikombe cha chai asubuhi, lakini huyu mmoja amewapatia wote heshima.

HAKUNA DAI, HAKUNA HUKUMU

Sasa tufike kwenye sheria, na hapa tunawaomba ndugu zetu wa polisi wasikilize kwa makini. Njia za kumtoa mpigaji ni nyingi, lakini anayezijua tano ataufuata mchezo. Mpira ukiangusha ngome moja kwa moja, ametoka. Ukidakwa baada ya kugusa gongo kabla haujagusa ardhi, ametoka. Akikimbia na ngome ikabomolewa kabla hajavuka mstari wake, ametoka. Akitoka nje ya mstari ili kupiga, akaukosa mpira, na mlinda wiketi akabomoa ngome, ametoka. Ya tano hutajwa kwa herufi tatu, LBW, yaani mguu mbele ya wiketi: mpira umempiga mwilini ukiwa katika njia ya kwenda kuangusha vijiti, naye hakuugusa kwa gongo. Katika hiyo mwamuzi huhukumu jambo ambalo halikutokea bali lingetokea, na ndiyo maana huleta ubishi kuliko nyingine zote.

Lakini jambo la ajabu ni hili. Mwamuzi haruhusiwi kumtoa mpigaji, hata kama ameona kwa macho yake mwenyewe kwamba ametoka, mpaka adui mmoja adai. Dai hilo ndilo ule ukelele unaosikika uwanjani: "Hauzati?", yaani "Je, hii ikoje?" Na lazima lidaiwe kabla mrushaji hajaanza mbio za kurusha mpira unaofuata. Wakinyamaza, haki yao imepita. Tena nahodha anaweza kuliondoa dai lake kwa idhini ya mwamuzi, na mpigaji akarudi.

Matukio mawili yataonyesha uzito wa kanuni hiyo. Mwezi Julai 2011, katika uwanja wa Trent Bridge, Mwingereza Ian Bell alidhani mpira uliopigwa umevuka mpaka na kwamba wakati wa chai umefika. Akaiacha ngome yake na kuanza kutembea. Wahindi walibomoa ngome, wakadai, naye akahukumiwa kutoka akiwa na mikimbio 137. Wakati wa mapumziko India, chini ya nahodha Mahendra Singh Dhoni, iliondoa dai. Bell alirudi akaendelea mpaka 159.

Tarehe 6 Novemba, 2023, mjini Delhi, Angelo Mathews wa Sri Lanka aliingia kupiga dhidi ya Bangladesh katika Kombe la Dunia. Mashindano hayo yalimtaka mpigaji mpya awe tayari katika dakika 2. Mkanda wa kofia yake ya chuma ulikatika, akaagiza nyingine, na muda ukapita. Nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, alidai. Waamuzi walimwuliza kama angependa kuliondoa dai lake, akakataa. Mathews akawa mpigaji wa kwanza katika historia ya kriketi ya kimataifa kutolewa kwa kuchelewa.

Ni nani kati ya manahodha hawa wawili aliyetenda vema? Wako watakaosema Dhoni, kwa kuwa alikumbuka uungwana. Wako watakaosema Shakib hana kosa, kwa kuwa sheria iliandikwa ili itumike, na askari aliyeingia kazini na vifaa vibovu hawezi kuwalaumu wengine. Sisi tunasema kwamba wote wawili walisimama ndani ya sheria. Sheria ilimpa kila mmoja wao uwezo wa kudai, ikampa pia uwezo wa kusamehe. Kisha ikamwachia dhamiri yake. Mtu yeyote aliyepata kushika kalamu mbele ya kitabu cha mashtaka anaujua uzito huo.

WITO ULIOPOTEA

Tuliahidi habari ya wito. Wapigaji wawili wanapokimbia hutegemea miito mitatu tu: "Ndiyo", "Hapana" na "Ngoja". Hakuna mingine. Mmoja huita, mwenzake hutii papo hapo, kwa maana wakati wa kubishana haupo.

Tarehe 17 Juni, 1999, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, Australia na Afrika Kusini zilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Australia ilipiga kwanza ikapata mikimbio 213. Ilipofika ova ya mwisho, Afrika Kusini ilihitaji mikimbio 9, na wiketi iliyobaki ilikuwa moja tu. Wapigaji walikuwa Lance Klusener, mtu hodari sana, na Allan Donald, mrushaji. Klusener aliupiga mpira wa kwanza mpakani, nne. Akaupiga wa pili mpakani, nne. Hesabu zikawa sawa, 213 kwa 213. Ulibaki mkimbio mmoja, na mipira minne.

Katika mpira wa tatu Donald alitoka mapema katika mstari wake na nusura atolewe. Mdakaji alikikosa kijiti kwa karibu sana. Ikawa Donald ameingiwa na hadhari. Mpira wa nne Klusener aliupiga kuelekea kwa yule wa midi-ofu, Mark Waugh, kisha akakimbia kwa nguvu zake zote. Donald hakukimbia. Alikuwa akiutazama mpira, amegeuka nyuma, na wito haukumfikia. Alipoinua macho, Klusener alikuwa ameshafika kwake. Hapo Donald aliangusha gongo, akaanza kukimbia mikono mitupu. Waugh alikuwa ameshaurudisha mpira kwa mrushaji, Damien Fleming. Fleming aliuvingirisha kwa mlinda wiketi, Adam Gilchrist, naye akaibomoa ngome.

Mchezo ukaisha sare. Lakini Australia ilikuwa imemaliza juu zaidi katika hatua iliyotangulia, na kwa hiyo ndiyo iliyokwenda fainali na kulitwaa Kombe. Mipira miwili ilikuwa bado haijarushwa. Afrika Kusini haikukosa nguvu wala ujuzi siku ile. Ilikosa masikilizano ya watu wawili walio umbali wa mita 20. Hatuna haja ya kuwafundisha askari maana ya habari hiyo.

SASA TUMJIBU ASKARI WETU

Turudi langoni. Timu inayopiga kwanza ikishinda, ushindi wake huhesabiwa kwa mikimbio ambayo adui aliikosa. Hivyo tarehe 29 Februari, 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilipiga kwanza ikapata 166, kisha warushaji wake, akiwamo nahodha Maurice Odumbe, wakawatoa West Indies wote kwa 93. Ukitoa 93 katika 166, inabaki 73. Kenya ilishinda kwa mikimbio 73, na dunia ya kriketi ilishangaa.

Timu inayopiga ya pili haihesabiwi hivyo, kwa kuwa ikishapita hesabu ya adui mchezo husimama papo hapo. Haipewi nafasi ya kuongeza. Ushindi wake hupimwa kwa askari waliobaki hai, yaani wiketi ambazo hazijaanguka. Kule Guyana Papua New Guinea walipata 77. Uganda ilianza vibaya, ikapoteza wiketi 5 ikiwa na mikimbio 26 tu, na walioamka usiku kusikiliza walishika vichwa. Ndipo Riazat Ali Shah aliposimama imara akapata 33, polepole, bila pupa. Timu ilipofikisha 78, wiketi 7 zilikuwa zimeanguka. Ukitoa 7 katika 10, zinabaki 3. Hizo ndizo wiketi tatu ulizotuuliza, ndugu askari.

Hatutaki kumficha msomaji upande wa pili. Siku tatu baadaye, katika uwanja ule ule, West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39, na mabata katika daftari ya siku ile yalikuwa zaidi ya mmoja. Mchezo huu hulipa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Lakini hata kushindwa huko sasa msomaji anaweza kukusoma, na ni heri kusikitika kwa kujua kuliko kushangilia bila kujua.

Safari nyingine atakapopangwa ulinzi Lugogo au katika uwanja wa Entebbe siku ya mchezo, tunamwomba atege sikio wakati macho yake yakiendelea na kazi. Akisikia wachezaji wote wakipaza sauti moja kuelekea kwa mtu mmoja aliyesimama kimya, atajua kwamba dai limewekwa mbele ya mwamuzi. Na mwamuzi huyo akiinua kidole kimoja juu, hana haja ya kumwuliza jirani: wiketi imeanguka.